Asiyeona na Chombo cha Kusomea: Kutoka Msikiti wa Madina hadi Kilosa

Sifa zote njema ni zake Allah (s.w.), aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu mambo aliyokuwa hayajui. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baada ya hayo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisomesha darsa ya fiqhi ya biashara kwa vijana wa Kilosa na wengine waliokuwa wakitoka Mikumi. Kutoka Mikumi hadi Kilosa mjini ni safari ya nauli, na wakati wa masika barabara ina mambo yake, kwa hiyo wapo waliokuwa wakikosa vipindi. Tukakubaliana kwamba baada ya kila darsa nitawatumia muhtasari kwa simu. Nikawa naandika kwa mkono kwenye daftari, napiga picha ukurasa, natuma kwenye kundi letu. Nikajiona nimefanya jambo la maana.

Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwemo kijana asiyeona tangu utotoni, aliyehifadhi Qur'ani kwa kusikiliza. Simu yake ilikuwa ya kusema: kila akigusa kioo humtajia kilichoandikwa pale. Siku moja baada ya Swala ya Alasiri alinifuata, akanishika mkono, akaniambia kwa adabu: "Sheikh, simu yangu hunisomea anachoandika kila mtu kwenye kundi, isipokuwa wewe. Ukituma wewe huniambia 'picha', kisha inanyamaza."

Sikuwa na la kumjibu. Sura ya Abasa nimeisoma na kuifasiri mbele ya watu mara nyingi, na siku ile nilijiona nimo ndani yake. Sikumkunjia uso wala sikumpa mgongo kwa kukusudia. Lakini kwa muda wa miezi mitatu nilikuwa nikiwasomesha wenzake na kumwacha yeye nje ya mlango, na sikujua kama mlango upo.

Makala haya yametokana na maneno ya kijana yule. Nakusudia kuonyesha, kwa ushahidi wa tarikh na wa fiqhi, kwamba katika umma huu asiyeona alikuwa muadhini, imamu, mwanachuoni na kiongozi. Kwamba mara nyingi kilichomzuia ni chombo kilichotengenezwa bila kumfikiria. Na kwamba anayetengeneza chombo, pamoja na anayewafundisha watu kukitengeneza, wana dhima katika jambo hilo.

MSIKITI WA MADINA

Tuanze pale tunapopaswa kuanzia. Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.) alikuwa haoni. Alimjia Mtume (s.a.w.) Makka akitaka kufundishwa, wakati Mtume alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kikureshi akitaraji wasilimu. Zikateremka aya za mwanzo za Sura ya 80. Wafasiri wameeleza sana kuhusu adabu iliyomo katika aya hizo, na ni sawa. Lakini tazama pia jambo alilolitaka sahaba yule. Hakuja kuomba chakula wala nguo. Alikuja kuomba elimu, na aya zikathibitisha kwamba alikuwa na haki nayo.

Baada ya Hijra, Mtume (s.a.w.) alimfanya kuwa muadhini wake pamoja na Bilal (r.a.). Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba Bilal alikuwa akiadhini usiku, na watu wakiendelea kula daku mpaka aadhini Ibnu Ummi Maktum. Naye alikuwa haadhini mpaka aambiwe kwamba kumepambazuka. Tulizingatie hili. Kujua alfajiri ni kazi ya macho: mtu hutazama weupe unaotandaa upeoni. Mtume (s.a.w.) hakusema kwamba kazi hii haimfai asiyeona. Alimkabidhi kazi, na habari iliyokuwa ya macho ikageuzwa kuwa habari ya masikio kwa maneno ya watu waliokuwa karibu naye. Funga ya Madina nzima ikasimama juu ya sauti ya mtu asiyeona. Ukiyaelewa haya umeshaelewa msingi wa elimu ambayo leo wataalamu wa kompyuta wanaiandikia vitabu: habari isifungwe katika njia moja ya hisia, ikawa asiyekuwa na hisia hiyo hana pa kupitia.

Aidha Mtume (s.a.w.) alimwachia usimamizi wa Madina mara kadhaa alipotoka safari. Na ilipoteremka aya ya 95 ya Sura ya 4, kuhusu kutolingana kwa waliokaa nyuma na waliopigana jihadi, Ibnu Ummi Maktum alieleza hali yake, na yakateremka maneno ya kuwatoa wenye madhara. Zaid bin Thabit (r.a.), aliyekuwa mwandishi, akayaingiza mahali pake. Hali ya mtu mmoja asiyeona ilizingatiwa ndani ya matini yenyewe na haikuachwa pembeni kama maelezo ya ziada.

Hadithi mbili nyingine zinafaa kuwekwa pamoja. Ya kwanza ni ya mtu asiyeona aliyeomba ruhusa ya kuswali nyumbani kwa kukosa wa kumwongoza. Mtume alimruhusu, kisha akamwita akamuuliza kama anasikia adhana, akasema ndiyo, akamwamrisha aitikie. Imo katika Sahihi Muslim. Ya pili ni ya Itban bin Malik (r.a.), ambaye macho yake yalidhoofika, na mvua ikinyesha bonde lilijaa maji akashindwa kufika kwa watu wake kuwaswalisha. Alimwomba Mtume aje kuswali nyumbani kwake ili apafanye mahali pa kuswalia, na Mtume akaja. Hii imo katika Bukhari na Muslim. Sisi watu wa Kilosa, tuliouona mto Mkondoa ukiwatoa watu majumbani mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, hatuhitaji kuelezwa bonde lililojaa maji ni kitu gani. Katika hadithi ya kwanza wito ulimfikia mtu, kwa hiyo akatakiwa auitikie. Katika ya pili njia ilifungika, na Mtume (s.a.w.) ndiye aliyeifuata nyumba ya asiyeweza kuifikia.

MADRASA YA MASIKIO

Elimu yetu ilijengwa juu ya kusikia. Mwanafunzi hupokea kutoka kinywani mwa sheikh, humsomea sheikh wake, hurekebishwa, hupewa ijaza. Kwa sababu hiyo madrasa za zamani, bila kukusudia lolote la pekee, zilikuwa wazi kwa wasioona. Qatada bin Di'ama wa Basra, aliyefariki yapata mwaka 117 Hijria, alizaliwa haoni, naye ni katika nguzo za tafsiri. Imamu Qasim bin Firruh ash-Shatibi, aliyefariki Misri mwaka 590 Hijria (1194), alikuwa haoni, na kila anayesoma visomo saba mpaka leo hupitia utenzi wake wenye beti 1,173. Hata Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wetu wa pwani wamekidurusu kizazi baada ya kizazi, anaeleza kwamba katika uimamu wa Swala asiyeona na mwenye kuona ni sawa.

Lakini kitabu chenyewe, karatasi na wino, kilibaki mlango uliofungwa. Hapa ndipo anapoingia mtu ambaye wengi wetu hatumjui, na anastahiki kujulikana. Ni Zainuddin Ali bin Ahmad al-Amidi, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanbali aliyeishi Baghdad na kufariki mwanzoni mwa karne ya 8 Hijria. Alikuwa haoni tangu ujanani, na riziki yake ilikuwa biashara ya vitabu. Khalil bin Aybak as-Safadi, aliyefariki mwaka 764 Hijria (1363), aliandika kitabu kizima cha wasifu wa watu mashuhuri wasioona, na humo ameeleza namna al-Amidi alivyofanya kazi. Kila aliponunua kitabu, alichukua kipande chembamba cha karatasi, akakisokota mpaka kikawa kama uzi, akakikunja kwa umbo la herufi za abjadi zenye thamani ya bei aliyonunulia. Kisha alikigandisha upande wa ndani wa jalada na kukifunika kwa karatasi nyepesi ili kishike. Akisahau bei, alipitisha kidole mahali pale akaisoma.

Hapa pana mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, mtengenezaji wa chombo alikuwa ni mtumiaji mwenyewe. Pili, haja iliyomsukuma ilikuwa haja ya muamala: alitaka kuijua bei yake mwenyewe bila kumuuliza mtu mwingine ambaye huenda akamdanganya. Hakuwa akitafuta huruma ya mtu. Alikuwa akilinda mali yake na ukweli wa biashara yake.

NUKTA SITA

Zaidi ya miaka 500 baadaye jambo lililofanana na hilo lilitokea Ufaransa. Mjini Paris palikuwa na shule ya wasioona iliyoanzishwa na Valentin Haüy mwaka 1785. Haüy alikuwa mwenye kuona, na vitabu alivyowatengenezea wanafunzi vilikuwa na herufi zile zile za kawaida zilizotunishwa juu ya karatasi. Vilikuwa vikubwa na vizito, na kidole kilichelewa kuzitambua herufi zake, kwani herufi za namna hiyo zilibuniwa kwa ajili ya jicho. Mwanafunzi wa shule hiyo, Louis Braille, aliyezaliwa 1809 na kupoteza uwezo wa kuona baada ya kujiumiza jicho katika karakana ya ngozi ya baba yake, alichukua mfumo wa nukta 12 uliobuniwa na afisa wa jeshi Charles Barbier, akaupunguza hadi nukta 6 zinazoenea chini ya ncha ya kidole kimoja. Ilikuwa mwaka 1824, naye ana miaka 15. Alichapisha maelezo yake mwaka 1829.

Shule yake haikuupokea mfumo huo rasmi mpaka mwaka 1854, miaka miwili baada ya kufa kwake. Sababu iliyotajwa sana na waliopinga ni kwamba maandishi ambayo mwenye kuona hawezi kuyasoma yatamtenga asiyeona na watu. Maneno hayo yana sura ya huruma, lakini ndani yake mizani ya chombo iliwekwa kwenye macho ya mwalimu, wala vidole vya mwanafunzi havikuulizwa.

Nukta hizo, ambazo kwa Kiswahili huitwa nukta nundu, zilifika kwenye Kiarabu kwa njia mbalimbali zilizotofautiana, mpaka mikutano iliyoitishwa na UNESCO mwaka 1950 na 1951 ikasaidia kuziunganisha. Msomaji atastaajabu kujua kwamba Qur'ani ya nukta nundu husomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Maneno ni yale yale, matamshi ni yale yale, na njia tu ndiyo iliyobadilika kwa ajili ya kidole.

Kwa upande wa nchi yetu, mtu akipanda treni Kilosa kuelekea Dodoma hupita karibu na Buigiri, ambako shule ya wasioona ilianzishwa mwaka 1950. Iliyoianzisha ni Kanisa la Anglikana. Shule ya Irente huko Lushoto, iliyoanzishwa mwaka 1963, ni ya Walutheri. Wanafunzi wa Kiislamu nao wamefaidika na shule za namna hiyo, na insafu inatulazimisha tuwashukuru waliotangulia. Lakini insafu hiyo hiyo inatulazimisha tujiulize: sisi wenye Sura ya Abasa, sisi wenye Ibnu Ummi Maktum na al-Amidi, tulijenga nini?

KOMPYUTA INAYOSEMA

Kompyuta ilipokuja ilionekana kuwa ni chombo cha macho kupita vyote, kwani kila kitu kimo kiooni. Lakini maandishi ya ndani ya kompyuta kwa hakika ni namba, na namba hizo huweza kutolewa kwa sura ya herufi, kwa sura ya nukta nundu au kwa sura ya sauti. Programu inayogeuza maandishi ya kiooni kuwa sauti ndiyo inayoitwa kisoma skrini. Moja ya zile za mwanzo kuenea, JAWS, ilitolewa mwaka 1989 na kampuni ya Ted Henter, Mmarekani aliyepoteza macho kwa ajali ya gari. Ilikuwa nzuri, lakini bei yake ilikuwa mzigo mkubwa kwa mtu wa nchi zetu. Mwaka 2006 Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona, alianza kutengeneza nyingine iitwayo NVDA, akisaidiana na James Teh, naye haoni, na wakaitoa bure kwa watu wote. Programu ya sauti inayokuja pamoja nayo, eSpeak, inajua kutamka Kiswahili, ingawa sauti yake ni kavu. Kuanzia mwaka 2009 visoma skrini vilianza kuwekwa ndani ya simu za kisasa tangu kiwandani, bila malipo ya ziada.

Tazama tena mfululizo huu: al-Amidi, Braille, Henter, Curran na Teh. Wote walikuwa hawaoni, na wote walitengeneza walichokihitaji. Pamoja na hayo kisoma skrini kina mpaka wake. Kwa kawaida kinasoma vizuri kile tu ambacho mwandishi amekiweka kwa namna ya kusomeka. Ukiweka picha bila maelezo, mara nyingi husema "picha" tu. Ukiweka kitufe kisicho na jina, husema "kitufe", na msikilizaji hajui kama ni cha kukubali au cha kukataa. Kwa hiyo asiyeona anaweza kuwa na chombo kizuri mkononi na bado akafungiwa nje na mtu ambaye hajapata kumwona wala kukusudia kumdhuru. Mimi mwenyewe nilikuwa mtu huyo.

MAS-ALA YA FIQHI: ASIYEONA NA MUAMALA

Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kauli inayotegemewa ni kwamba biashara ya asiyeona, katika kitu ambacho kukijua kunahitaji kukiona, haisihi akiifanya mwenyewe, na njia yake ni kumweka wakili. Maimamu wengine wamesahihisha: Hanafi wanasema inasihi, na hiari yake hukatika kwa kugusa, kunusa, kuonja au kuelezewa, kulingana na kitu chenyewe, Maliki na Hanbali nao wanaruhusu kwa sifa au kwa kugusa. Mwanafunzi asidhani kwamba Mashafi walimdharau asiyeona. Illa waliyoitazama ni jahala, yaani kutokujua kinachouzwa. Ushahidi wa hilo ni kwamba wao wenyewe wamesahihisha biashara ya salamu ya asiyeona, kwa kuwa salamu hujengwa juu ya sifa zinazotajwa kwa maneno, na maneno husikiwa. Palipopatikana kujua, katazo liliondoka. Na kwa bubu wamesema kwamba ishara yake inayofahamika ni kama matamshi. Fiqhi ilitazama maana ifike, na haikumlazimisha mtu njia ya mwenzake.

Sasa tuje kwenye miamala ya leo. Fedha za simu zimefika kila kijiji cha wilaya yetu. Mzee asiyeona aliyetumiwa fedha na mwanawe, akiwa na simu ya kitochi isiyosema, humpa mjukuu au mtu wa dukani simu pamoja na namba ya siri, kisha husimama kusubiri kuambiwa salio lake. Wapo wanaokuja msikitini kuuliza: aliyetoa zaidi ya nilichomwagiza ana hukumu gani? Jibu la kitabuni ni jepesi: huyo ni wakili, mkono wake ni mkono wa amana, na akivuka mpaka anadhamini. Lakini mzee hana risiti anayoweza kuisoma, hana ushahidi, na mara nyingi hajui hata kama ameibiwa. Kumjibu hukumu ya dhamana na kunyamaza juu ya chombo kilichomfikisha pale ni nusu ya jawabu.

Katika aya ya deni, aya ya 282 ya Sura ya 2, Allah (s.w.) ameamrisha kwamba mwenye kuwiwa ndiye aimlishe hati, yaani maneno yatoke kwake, na akiwa ni safihi, au dhaifu, au hawezi kuimlisha, basi msimamizi wake aimlishe kwa uadilifu. Hali ya asiyeweza imewekwa ndani ya sheria ya kuandikiana tangu siku ilipoteremka.

Kinyume chake tunacho hapa hapa wilayani kwetu. Tarehe 29 Novemba 1884, Msowero, iliyo katika Wilaya ya Kilosa ya leo, Mjerumani Carl Peters aliandikiana hati na Mangungo, mtawala wa pale. Hati ilikuwa ya Kijerumani. Ilisema kwamba Mangungo anaitoa ardhi yake yote na haki zake zote. Tarehe 27 Februari 1885 serikali ya Ujerumani ilitoa hati ya ulinzi kwa kutegemea karatasi za namna hiyo. Watu wetu wamezoea kumcheka Mangungo kwa kuweka alama asichokijua. Lakini kwa mizani ya aya ya deni, lawama inaanza kwa aliyeandika karatasi ambayo mwenzake hakuweza kuisoma, kisha akaiita makubaliano. Macho ya Mangungo hayakumsaidia kitu, kwa sababu karatasi haikuandikwa ili yeye aifahamu. Leo asiyeona anapobonyeza kitufe cha "nakubali" bila simu kumsomea anachokikubali, hali yake haiko mbali na ya Msowero.

KINACHOFUNDISHWA NA KISICHOFUNDISHWA

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Ibara ya 9 ya mkataba huo inataka mambo mawili yanayotuhusu: wahusika wafundishwe namna ya kuwawezesha watu wenye ulemavu kufikia huduma, na teknolojia ya habari ifikiriwe hivyo tangu hatua za mwanzo za kuitengeneza, ili gharama iwe ndogo. Mwaka 2020 Tanzania ilijiunga pia na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaolegeza haki za kunakili ili vitabu vigeuzwe kuwa vya kusomeka na wasioona. Wenzetu wa Kenya mwaka 2022 walitoa kiwango chao cha kitaifa kuhusu bidhaa na huduma za TEHAMA zinazofikiwa na watu wenye ulemavu. Na wahitaji si wachache: Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani.

Kwa hiyo mikataba ipo na sheria ipo. Kinachobaki ni mwalimu. Fundi hujenga alivyofundishwa. Mikumi kuna chuo cha ufundi cha VETA, na kila fundi anajua kwamba mlango hupimwa kabla ya ukuta kuinuliwa, ukisahau, utabomoa. Anayejifunza kutengeneza tovuti au programu ya simu naye afundishwe hivyo tangu somo la kwanza, na jambo hili lisiachwe liwe nyongeza ya mwisho wa muhula kwa anayependa.

Na mambo yenyewe si mazito. Kila picha iandikiwe maelezo. Kila kitufe na kila kisanduku cha kujazia kipewe jina. Kazi yote iweze kufanywa kwa kibodi bila kipanya. Rangi peke yake isiwe ndiyo alama, kwani wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Maneno ya video yaandikwe chini kwa ajili ya viziwi. Muda wa kujibu usikatike upesi kwa anayesikiliza polepole. Mwalimu awazimie wanafunzi kioo, awape kisoma skrini, awaambie wajaze fomu moja kwa masikio tu; kipindi kimoja cha namna hiyo kitawafundisha kuliko kurasa nyingi. Kisha amwalike asiyeona aje aijaribu kazi yao, naye aketi kwa heshima ya mwalimu, kwa sababu anajua wasichokijua.

Sisi wa misikitini na madrasa tunahusika pia. Vitabu vingi tunavyotumiana ni picha za kurasa, na kwa asiyeona ni makaratasi matupu. Maktaba ya ash-Shamila tunayoitumia katika kutafiti ni tofauti: maandishi yake ni herufi hasa, na herufi zinaweza kusemwa. Tunapoandika ratiba ya Ramadhani, tangazo la mazishi au muhtasari wa darsa, tuandike kwa herufi. Tunapotoa khutba ya Ijumaa mbele ya viziwi, tutafute anayejua lugha ya alama. Wanavyuoni wa usuli wamesema kwamba jambo ambalo wajibu hautimii bila ya hilo, nalo ni wajibu. Kumfikishia elimu anayeitafuta ni katika wajibu wetu, na leo njia ya kufikisha inapita ndani ya chombo.

KHATIMA

Baada ya mazungumzo yale nilianza kuandika muhtasari kwa vidole viwili juu ya simu. Mwanzoni ilinichukua muda wote kati ya Magharibi na Isha. Kijana yule ndiye aliyekuwa wa kwanza kunisahihisha makosa ya tahajia, kwa sababu sauti ya simu yake ilikuwa ikiyatamka kama nilivyoyakosea. Kisha wengine nao wakaja. Wa Mikumi wakasema kwamba sasa muhtasari hauli bando lao kama picha zilivyokuwa zikila. Mzee mmoja ambaye macho yake yanazidi kudhoofika akasema kwamba anaweza kuzikuza herufi mpaka azione. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mmoja ukapitiwa na wengi.

Miezi mitatu iliyotangulia bado iko shingoni mwangu. Nilimwomba kijana anisamehe, akasamehe, kisha akaniomba tuyarudie masomo yale yote tangu mwanzo. Tukayarudia.

Tunamwomba Allah (s.w.) azifungue nyoyo zetu kabla ya macho yetu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoifikisha elimu kwa kila anayeijia mbio hali ya kuwa anamuogopa Mola wake. Wallahu a'lam.